Jibu Kutoka Nyuma ya Mlango

4 Aprili

Kifungua mimba wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nimekwenda kunawa mikono. Kweli binti niliyemlea mimi anaoga kwenye bafu ambalo nywele za watu zimeziba tundu la maji? Na huyo mwenzako wa chumba anakata kucha za miguu juu ya meza unayosomea, halafu anazipangusa kwa kitabu chako? Nilikuwa na sketi ya shule mkononi, nikaiweka pembeni nisije nikaitapikia. Mteja wangu ana kosa gani?

Sasa sikiliza. Huo mtihani wa kompyuta za wingu njoo uufanyie hapa nyumbani. Umesema unafanyika popote, mradi chumba kiwe kisafi, kimya, na mtandao usiyumbe. Usafi unajua mwenyewe. Sakafu yangu mtu anaweza kulalia na gauni la harusi akaamka akaenda nalo kanisani au msikitini, atakako. Chumba chako kiko vilevile, karibu na pale ninaposhonea. Kimya kitakuwepo, nitahakikisha mimi.

Na kwa mambo haya usinipigie simu, endelea kuniandikia. Simu yangu haisikiki mpaka niweke spika, na nikiweka spika shangazi yako anasikia akiwa kwake upande wa pili wa ua, tena anajibu kabla yangu. Jana amenisimamisha bombani mbele za watu. "Wifi, hivi huyo mtoto wa kaka yangu anasomea mvua?" Watu wakacheka. Nikamwambia, anasomea kompyuta ambazo mabenki na mahospitali yanazikodi, wewe kaa na ndoo yako.

Mimi nimeielewa tangu uliponieleza wakati wa likizo. Kampuni kubwa ina kompyuta zake mbali huko, watu wanazikodi kama wanavyokodi vyumba. Paa, kuta na mlinzi wa getini ni juu ya mwenye nyumba. Kufuli ya chumba na vitu ulivyoweka ndani ni juu ya mpangaji. Ulikuwa ukinisomea swali, mimi niko kwenye cherehani najibu: mwenye nyumba, au mpangaji. Nilikosa mara chache tu, na hizo zilikuwa kelele za cherehani.

Bosi wako amesema nafasi ya chumba cha mitambo anakuwekea mpaka mwisho wa Juni, na bila cheti hicho anampa mtu mwingine, wewe ubaki kupokea simu za wateja wanaotukana. Sikukuzaa upokee matusi. Njoo.

Mama yako,
fundi ambaye mtaa huu haujapata mwingine, na hapo sijajisifu


13 Aprili

Mama, shikamoo.

Nakuja. Leo asubuhi nimekuta mswaki wangu umelowa, na mimi nilikuwa sijapiga mswaki. Nimeutupa. Nilikaa kazini kutwa nzima nahisi mdomo si wangu.

Kuna jambo jingine limenichefua kuliko mswaki. Wenzangu wawili wa ofisini wamenunua maswali ya mtihani yaliyoibwa, pamoja na majibu. Hawajui wingu ni nini, wanakariri "swali la saba ni C" basi. Wakaniletea na mimi, wakidhani wananionea huruma. Nimekataa. Nikifaulu nataka nifaulu kwa kichwa changu. Tangu hapo wananiita Malaika, na si kwa wema.

Mama, masharti ni haya, yasome vizuri. Mtihani unafanyika kwenye kompyuta, na kuna msimamizi aliye mbali ananiangalia kwa kamera mwanzo mpaka mwisho. Mlango ufungwe. Mtu asiingie chumbani. Mezani kusiwe na kitu, hata glasi ya maji. Cherehani isilie. Msimamizi anasikia pia, ingawa yeye ananiandikia tu kwenye skrini.

Ninachoogopa ni midomo yangu. Unajua siwezi kusoma kimya. Ulinifundisha kusoma kwa sauti nikiwa mdogo ili na wewe usikie, na mpaka leo nisiponong'ona maneno hayaingii. Msimamizi akiona midomo inatembea ataonya. Nitajitahidi.

Na tafadhali, usimwambie mtu siku yenyewe. Najua umeshamwambia shangazi. Wengine waache.

Binti yako


3 Mei

Mwanangu,

Umeondoka hata chai hukunywa. Ulitoka chumbani macho mekundu, ukasema, "Mama, usiniulize," ukafungasha, ukaenda. Sikukuuliza. Lakini nimekaa na jambo hili kifuani mpaka limechacha, na leo nalitoa.

Niliona.

Sikuingia, na sitaki uniambie niliingia. Ulisema mtu asiingie, na mguu wangu haukuvuka kizingiti. Nilikaa kwenye cherehani yangu hapo nje ya mlango, mguu juu ya pedali, sijaikanyaga. Hata yule mteja wa mapazia nilimfukuza kwa mkono kama kuku. Ila mlango ule una ufa, na macho ni yangu.

Nikakuona unainua kompyuta unaizungusha kuta zote. Nikasema sawa, anaangalia kama kuna mtu. Ukainamisha, ukamwonyesha uvunguni mwa kitanda. Ukakunja mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko. Halafu ukashika nywele zako ukazivuta nyuma, ukamgeuzia sikio hili, ukamgeuzia na lile. Mwanangu, mwanaume gani huyo aliyekaa asikojulikana, hana sura, hana sauti, anamwamuru mtoto wa watu amwonyeshe kitanda na masikio? Baba yako, Mungu amrehemu, aliniomba ruhusa kunishika mkono. Huyu anaandika tu kwenye skrini na wewe unageuka.

Nilimwonea kinyaa. Na bado nikanyamaza, kwa sababu ya mtihani. Baadaye ndiyo nikasikia unalia.

Sasa nami nimefanya yangu. Nimekwenda kwa mpiga chapa nikamsimulia yote, akaandika kwa maneno makali, nami nikaongeza makali. Nimeituma kwenye anwani ya hao wenye mtihani, ile iliyo kwenye karatasi uliyoisahau kitandani. Nimewaambia mtu wao amemdhalilisha binti wa mama ambaye hajawahi kukopa heshima kwa mtu.

Niambie alikuandikia nini. Mimi mama yako, sitaona aibu, nitamwonea kinyaa yeye.

Mama yako


8 Mei

Mama, shikamoo.

Msimamizi hakufanya kitu. Hayo ya masikio wanaulizwa wote, anaangalia kama mtu amevaa kitu cha kupokelea sauti. Mtandao ulikatika, mtihani ukafungwa, nikalia. Ndiyo yote.

Naomba usimwandikie mtu yeyote barua nyingine. Tuliache.

Binti yako


14 Mei

Mwanangu,

Mtandao haumlizi mtu namna ile. Mimi nimekulea, kilio chako cha kukosa kitu nakijua na kilio chako cha kuonewa nakijua. Kile kilikuwa cha pili. Unamficha huyo mwanaume kwa sababu unaogopa watakunyima cheti. Binti mzuri ndiyo ugonjwa wake huo, anamwonea haya hata mwizi wake.

Usihangaike, mama yako ameshamaliza. Wamenijibu. Karatasi nzuri, ina mhuri. Wanasema malalamiko yangu wameyapokea kwa uzito, na msimamizi aliyehusika amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Nimeibandika ukutani karibu na kioo cha wateja. Kila anayekuja kupimwa anaisoma, anatikisa kichwa, anatema mate nje. Shangazi yako, kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwao, amesema, "Wifi, hapo umefanya." Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa, tukamsema huyo kiumbe mpaka jua likazama. Alisema mtu wa namna ile lazima ananuka. Nikamwambia ananuka, nilimsikia mpaka kwenye ufa wa mlango.

Mtaa mzima uko nyuma yako. Inua kichwa.

Mama yako


19 Mei

Mama,

Nimekaa na karatasi hii tangu nitoke kazini. Nikiandika kwa adabu utaniona naficha tena, kwa hiyo nisamehe mapema.

Msimamizi si mwanaume. Ni msichana. Nadhani ni mdogo kuliko mimi. Mwanzoni alijitambulisha kwa maandishi, akanitakia heri, na nilipomwonyesha uvunguni aliandika, "Chumba chako kisafi sana, natamani wote wangekuwa hivi." Nilitaka kukuambia hilo jioni ile, ungefurahi. Huyo ndiye anayetemewa mate kwenye kioo chako. Huyo ndiye mliyekaa na shangazi mkasema ananuka.

Na mtandao haukukatika.

Nilikuwa nimebakisha maswali machache. Nilikuwa nafanya vizuri, mama, mtu hujua. Nilikuwa nimeshapewa onyo moja kwa sababu ya midomo. Likaja swali: ni nani mwenye wajibu wa kulinda data ambayo mteja ameiweka kwenye wingu. Nikalinong'ona, sikujizuia, jibu lenyewe nalijua. Na kabla sijabonyeza, sauti ikapita juu ya mlango, wazi kabisa, ya mtu aliyejaa furaha: "Mwenye nyumba huyo, mwanangu, bonyeza."

Skrini ikafungwa palepale. Wakaandika kwamba mtahiniwa alikuwa akisaidiwa na mtu aliyejificha.

Mimi. Mimi niliyekataa maswali ya wizi, wanaoniita Malaika, nimeandikwa mwizi. Wenzangu wale wawili walifaulu wiki hiyohiyo. Waliniletea keki.

Nilikuwa nimekata rufaa. Nilieleza kwamba nyumbani tumezoea kujizoeza hivyo, wewe unajibu kutoka kwenye cherehani, na kwamba hukukusudia. Walikuwa karibu kunielewa. Ndipo barua yako ikafika, inasema msimamizi amenidhalilisha. Sasa wanaona tumepanga, mama na binti, kumchafua yule dada ili mimi niponyoke. Rufaa imesimama. Mwisho wa Juni hausimami.

Umeuliza kwa nini nililia. Nililia kwa kinyaa, mama. Si kwa ajili ya msimamizi, wala mtihani. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu safi, nakusikia nje ya mlango unamwambia yule mteja wa mapazia, aliyekuwa amerudi, kwamba jibu umenipa wewe, na nikajisikia kukuonea kinyaa. Neno hilo nimelikata nikaliandika tena. Nimeliacha kwa sababu ndilo.

Na jibu lilikuwa mpangaji.

Binti yako


22 Mei

Kwa wakubwa wa ofisi ya mitihani,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mpiga chapa sikumpitia, kwa sababu mara ya mwisho tuliyoandika naye yalikuwa maneno ya uongo yaliyonyooka vizuri, na sasa nataka ya kweli hata yakipinda.

Mimi ni mama wa yule binti aliyefungiwa mtihani wa wingu mwisho wa Aprili. Ni mimi niliyesema "mwenye nyumba huyo." Hakuna mtu aliyejificha. Nilikuwa kwenye kiti changu cha kazini, kila mtu anakijua kiti hicho. Mwanangu tangu akiwa mtoto akisoma mimi nasikiliza, na akiuliza mimi najibu. Sikusoma sana, darasa la nne nilitolewa nikalee wadogo zangu. Shule yangu iliyobaki ni mdomo wa huyo mtoto. Alipokuwa akijifunza mambo yenu haya alinigeuzia kuwa ya nyumba na mpangaji ili niyaweze. Aliponong'ona swali siku ile sikukumbuka kama ni mtihani. Nilisikia swali langu, nikajibu. Nilifurahi kwamba nalijua. Kumbe hata silijui.

Mtakaposema nilikuwa namsaidia, nawaomba mwangalie: nilimkosesha. Mtu anayeiba mtihani haibi jibu baya.

Sasa la pili, ambalo linanishinda kumeza. Nimeandika kwenu kwamba msimamizi wenu alimdhalilisha binti yangu. Hakufanya hivyo. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango, na niliyoyaona nikayapaka uchafu wangu mwenyewe. Sikujua hata kama ni mwanamke. Nilimpa jinsia, nikampa nia, nikampa na harufu. Karatasi yenu niliyokuwa nimeibandika kwa ajili ya wateja nimeibandua, na kila aliyeisoma nimemfuata mlangoni kwake nikamwambia nilisema uongo. Wanne walicheka. Shangazi wa binti hakucheka, alinyamaza, na huyo akinyamaza ni vibaya zaidi. Kila nikipita karibu na kile kioo najiona na mdomo wangu, nageuza uso.

Mrudisheni yule dada kazini. Kama mnahitaji nije nilisimamie hili mbele ya watu, nitakuja, nina nguo nzuri za kujia, nimezishona mwenyewe. Na yeye mwambieni, kama hataona vibaya, aniletee vipimo vyake. Nitamshonea gauni ambalo akitembea watu watauliza fundi ni nani. Akiona vibaya asilete, nitaelewa.

Binti yangu alikataa maswali ya wizi yakiwa mkononi mwake. Hilo sikujisifu nalo popote, kwa sababu ndilo la pekee lisilotokana na mimi.

Mama yake


20 Juni

Mama, shikamoo.

Dada yule amerudi kazini. Rufaa ilipita. Walinipa nafasi nyingine, ila safari hii kwenye ukumbi wao hapa mjini, si nyumbani. Ukumbi una zulia lililokanyagwa na watu wasiofuta viatu, na kiti changu kilikuwa kimebandikwa ubani wa kutafuna chini yake, niliushika kwa vidole vyote. Nikafikiri, hapa mama angetapika, nikatulia.

Ruhusa ya kunong'ona waliniandikia rasmi. Mtu mmoja alisoma barua yako akasema mpeni.

Swali lile halikuja. Lilikuja lingine la jamaa yake, la nani anabadilisha nywila za watumiaji. Nilinong'ona, halafu nikasubiri kidogo kabla sijabonyeza. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Kulikuwa kimya tu.

Nimefaulu, mama. Vizuri.

Bosi amesema Jumatatu ya mwisho wa mwezi atanikabidhi ufunguo wa chumba cha mitambo. Mpaka siku hiyo nakuomba jambo moja, na najua ninachoomba. Usimwambie mtu. Si shangazi, si mteja, si hata yule mama wa mapazia. Wenzangu wale wawili wanaitaka nafasi hiyo, wakisikia mapema wataanza kunichimba kwa hadithi ya Aprili. Wacha niingie kwanza.

Neno lile nililoandika sijalikata. Lakini limenipungua.

Binti yako


26 Juni

Mwanangu,

Nilipomaliza kusoma nilifunga mlango wa mbele, nikafunga dirisha, nikakaa juu ya kitambaa cha mteja bila kujali mikunjo. Halafu nikakanyaga cherehani bila uzi wala nguo, kasi, mpaka nikachoka, ili kama kuna kelele itakayonitoka izame humo.

Sijamwambia mtu.

Usidhani ni kazi ndogo. Leo bombani shangazi yako ameanza, mbele ya watu walewale. "Wifi, yule wa mvua vipi?" Maneno yalinijaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Nikayameza. Yana ladha mbaya, mwanangu, sifa mtu akiimeza mbichi inachefua, sikuwahi kujua, maana sikuwahi kuimeza. Nikasema, "Anaendelea." Shangazi yako akaweka ndoo chini. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wifi, unaumwa?"

Amenifuata mpaka nyumbani kunigusa paji la uso.

Nimemwita seremala auzibe ule ufa. Akasema mama, huu ufa ni wa siku nyingi, mbona ndiyo leo. Nikamwambia upepo. Yule dada wa mtihani hajaleta vipimo, na sikuwafuata kuuliza. Kitambaa nilichomtengea kipo, cha bluu iliyoiva. Kitakaa.

Na neno lako lile nimelisoma kila siku. Sikuombi ulikate. Uchafu wa bafu lako la mjini niliuona mbali kote huko kwa barua tu, wa mdomo wangu ukapita hapa kila siku nikauita sauti nzuri. Paa na kuta Mungu alinijengea, ni yeye mwenye nyumba. Kufuli ilikuwa juu yangu, mpangaji. Sasa nimelijua hilo swali, hata mkinipa mtihani leo.

Imebaki Jumatatu. Ukishaushika ule ufunguo mkononi, si kabla, usiniandikie barua. Nipigie simu.

Nitaweka spika.

Mama yako